Majani Juu ya Lami

Ukipanda Mlima Kitonga kwa upande wa Ruaha Mbuyuni, mibuyu na wauza vitunguu wakiwa wamebaki bondeni, kuna alama ya barabarani ambayo haikuchorwa na wizara yoyote. Ni tawi la mti, limekatwa kwa panga pembeni mwa njia na kulazwa juu ya lami. Hatua chache mbele lipo la pili, kisha la tatu, na dereva aliyekulia katika barabara hizi mguu wake huwa umeshatoka kwenye mafuta kabla akili haijasema neno. Baada ya kona kuna gari lililolala. Mara nyingi ni lori la kwenda Tunduma, pua imeelekea juu, jiwe limekingwa nyuma ya tairi, na utingo ameketi kwenye kivuli chembamba cha tela. Majani yakiwa mabichi, limekufa asubuhi hii. Yakiwa yamesinyaa, watu wamelala hapo. Na yakiwa yamekauka, yamesagwa na magurudumu ya wengine hadi vikabaki vijiti, basi dereva ameshapanda basi kwenda mjini kutafuta spea, na utingo amebaki kulinda mzigo, sufuria yake ya ugali ikiwa juu ya mafiga kandokando ya korongo.

Sheria inataka pembetatu zenye kuakisi mwanga, na magari mengi huzibeba. Lakini tawi lilizitangulia na bado linaishi nazo, kwa kuwa miti iko kila mahali na hakuna anayeiba tawi. Aliyekwama anamwambia anayekuja: mimi nimesimama, wewe usiumie kwa sababu yangu. Kila nikiyapita majani hayo nawaza juu ya makubaliano ambayo kila mmoja wetu ameyafanya na chombo chake. Tunapowasha injini tunajua kwamba mnyororo wa vyuma, mipira, nyaya na mafuta unaweza kukatika mahali popote, hata katikati ya hifadhi ya Mikumi ambako hutakiwi kushuka garini. Tunajua, na tunaondoka. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani, na wapo madereva wanaojifariji kwa methali hiyo. Mimi hainifariji. Usukani ninao mkononi, na swali langu ni jinsi ya kuushika huku nikijua kwamba si kila kitu kiko mkononi.

Nenda gereji yoyote ya Arusha au Dar es Salaam siku mtu anapotafuta gari, utasikia maswali yale yale. Halisumbui? Spea zipo? Linakula mafuta kiasi gani? Ni maswali ya haki. Gari kwa wengi wetu ni mshahara wa miaka, ni mkopo wa chama, ni shamba la urithi lililokwenda kwa bei ya haraka. Anayenunua anataka usingizi wake. Lakini kuna swali ambalo huulizwa mwisho na kwa sauti ya chini, au halipati nafasi kabisa: je, ni tamu kuliendesha? Mtu mzima akiuliza hivyo mbele ya mafundi huonekana kama anauliza jambo la watoto, au la matajiri wenye gari la pili nyumbani. Nataka kulitetea swali hilo. Binadamu anayekaa saa nyingi za uhai wake nyuma ya usukani ana haki ya kuuliza kama saa hizo zina ladha.

Nianze na barabara ninayoipenda kuliko zote, ile inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Haifiki hata kilomita 40, lakini haina mahali inaponyooka kwa muda wa kutosha kusahau kwamba unaendesha. Inajipinda na bonde, inaukumbatia mwamba, inapita juu ya maji ya Soni yanayoanguka, na kila inapopinda joto la tambarare linapungua kidogo. Mimi huipanda na Landrova 109, kizazi cha tatu, kile kilichotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, yenye injini ya petroli ya lita mbili na robo. Haina haraka na haijifanyi kuwa nayo. Chini ya kioo cha mbele kuna vifuniko viwili unavyovifungua kwa mkono, na ukivifungua mlima unaingia ndani: kwanza vumbi la mkonge wa chini, kisha moshi wa kuni za mtu anayepika asubuhi, kisha mikaratusi, kisha ule ubaridi wenye harufu ya udongo mweusi na kabichi. Usukani wake ni mkubwa na unazungushwa kwa mabega. Gia ya pili haitaki kulazimishwa; inataka ungoje mzunguko wa injini ushuke, usikilize, kisha uisogeze kwa viganja viwili vya subira, na ikiingia unaisikia kwenye mfupa wa kiwiko. Mtu akifika Lushoto kwa namna hiyo, amefika kwa mwili wake wote. Bega linajua, goti linajua, masikio yanajua.

Na wasiwasi? Upo, tena umekaa kiti cha mbele. Kuanzia kona ya kwanza jicho langu linakwenda kwenye mshale wa joto la maji, kwa kuwa mlima unaobembeleza pua kwa mikaratusi ndio huohuo unaoichemsha rejeta. Sikio linaifuatilia difu ya nyuma, kwa kuwa shafti za magurudumu ya nyuma za Landrova za zamani zinajulikana kwa kukatika, na zikikatika hutoa mlio mmoja mkavu kisha injini inanguruma bila gari kwenda. Pua inatafuta harufu ya oili inayoungua. Miaka mingi nilidhani wasiwasi huu ni kodi ninayoilipa ili niruhusiwe kupata raha, kama vile mtu anavyolipa kiingilio. Siku hizi siamini hivyo tena. Sikio linalosikiliza difu ndilo lililoyasikia maji ya Soni. Pua inayotafuta oili ndiyo iliyoukuta moshi wa kuni. Ningelizima moja, la pili lingelala nalo. Nimeshapanda mlima uleule katika gari jipya la mwenyeji wangu, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinapuliza, gia zinabadilika zenyewe, nikashuka Lushoto nikiwa sikumbuki kama tulipita Soni. Lilikuwa gari jema. Halikunihitaji.

Ukanda wetu huu una historia ndefu ya kuyaweka mambo haya mawili kwenye mizani, na mizani ilikuwa barabara. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianza mashindano ya magari yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye dunia nzima iliyajua kwa jina la Safari. Yalikuja kuwa ya Pasaka, na Pasaka ni majira ya mvua. Watoto wa vijijini walisimama juu ya vichuguu tangu alfajiri kungoja magari yaliyojaa tope hadi namba hazisomeki. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Mengine yote, kwa makumi, yalibaki kwenye mito, kwenye matope meusi, kwenye mawe. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari la familia, lile lile ambalo mwalimu mkuu au daktari wa wilaya angeweza kuwa nalo. Joginder Singh wa Kenya, fundi kabla hajawa bingwa, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo ambayo wengine walikuwa wameshaitumia kwenye mashindano kabla haijamfikia, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Hapo ndipo ninapopata shida na wale wanaosema kwamba gari la raha ni moja na gari la kuaminika ni jingine. Katika Safari mwendo kasi peke yake haukumfikisha mtu popote. Dereva aliyependwa alikuwa yule aliyejua gari lake linaweza kuvumilia nini, akalipeleka hadi ukingoni mwa uvumilivu huo bila kuuvuka, usiku, mvuani, kwa maelfu ya kilomita. Ustadi wake wote ulikuwa katika kulifikisha, na naamini furaha yake pia.

Barabara ya Kitonga yenyewe inajua habari hizo kwa upande wa uchungu. Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia ya walowezi, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta, na malori yakaanza kutoka Dar es Salaam na madramu, yakipanda na kushuka kwenye udongo mwekundu hadi mpakani, na kurudi na shaba. Waliokuwa wakizungumza Kiingereza waliipa njia ile jina la mbio za jehanamu. Sehemu kubwa ya njia haikuwa na lami. Mvua ikinyesha, malori yaliteleza hadi makorongoni na mizigo yake. Wale madereva hawakuwa na nafasi ya kuchagua kati ya raha na kuaminika. Nchi jirani ilikuwa inangoja mafuta. Ninapoyaona majani kwenye kona ile, sisahau kwamba mengine ya kale yaliwekwa na mtu aliyekuwa akingojwa na nchi nzima.

Jambo lingine hunirudia kichwani kila ninapofikiri juu ya magari yasiyosumbua, nalo linatoka mbali, kwenye ufumaji wa nguo. Kabla ya jina la Toyota kubandikwa kwenye gari, kulikuwa na Sakichi Toyoda, Mjapani, mtengenezaji wa mitambo ya kufuma. Mitambo yake ilisifika kwa jambo moja: uzi ukikatika, mtambo ulijisimamisha wenyewe. Haukuendelea kufuma kitambaa chenye dosari huku mfumaji akiangalia pembeni. Ule wa mwaka 1924 ulikuwa mzuri kiasi kwamba mwaka 1929 Platt Brothers wa Uingereza, nchi iliyokuwa mama wa viwanda vya nguo, walinunua haki zake. Mwanawe Kiichiro akaenda kwenye magari, na kampuni ya magari ikaundwa mwaka 1937. Wazo la uzi likaingia nalo kiwandani: mfanyakazi yeyote akiona kasoro, ana ruhusa ya kuvuta kamba na kusimamisha kazi. Kwa hiyo gari ambalo leo Watanzania na Wakenya wanalinunua likiwa limetumika, kwa imani kwamba halitawaacha njiani, limezaliwa na watu waliojizoeza kusimama. Kusimama mapema, kwa jambo dogo, kabla halijawa kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sisi tuliisema kwa nyumba. Wao waliifanya kwa nyuzi, kisha kwa vyuma.

Hilo ni zito kwangu kwa sababu linamtoa dereva kwenye uvivu. Kama uimara wa gari ulianzia kwa mtu aliyekuwa macho kiwandani, basi sisi tunaolipokea tunakula matunda ya uangalifu wa mwingine. Yeye alisikiliza ili mimi nisisikilize. Ni zawadi, na sitaki kuidharau. Lakini zawadi hiyo ikizoeleka inamfanya mtu aishi na kitu asichokijua. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na mwenye gari anaitazama kwa hofu tupu, hana hata swali la kumwuliza fundi. Mashine ya kupimia ndiyo itakayosema. Wasiwasi wa mwenye Landrova una umbo na mahali: ni maji, ni difu, ni waya wa koili. Wasiwasi wa mwenye gari la kisasa ni nadra zaidi, lakini ukija huja bila sura.

Watu wa pwani waliwahi kusafiri katika chombo ambacho wasiwasi wake ulikuwa wazi kabisa. Mtepe wa Lamu na visiwa vyake haukuwa na misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na juu yake lilipandishwa tanga la mkeka. Chombo kilichoshonwa kinavuja. Hakuna aliyejidanganya juu ya hilo, na mabaharia walifua maji mchana na usiku, zamu kwa zamu, hadi bandarini. Ila ulegevu ule wa mishono uliokuwa ukiingiza maji ndio uliokifanya kipinde na wimbi na kukaa mchangani bila kupasuka ubavu. Nahodha wa mtepe angeulizwa kama chombo chake kinaaminika, sijui kama angelielewa swali kwa maana yetu. Kilikuwa kinaaminika pamoja na mfua maji. Bila mfua maji kilikuwa mbao. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Na bado siwezi kuishia hapo, kwa maana kuna watu ambao sina haki ya kuwahubiria utamu wa wasiwasi. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku, katika kijiji kilicho mbali na hospitali ya wilaya, hahitaji gari lenye roho. Anahitaji gari linalowaka. Ndiyo maana magari ya wagonjwa ya vijijini kwa sehemu kubwa ni zile Toyota ngumu za mkonga, ambazo umbo lake halijabadilika sana tangu mwaka 1984, na mimi, mpenzi wa Landrova, nikiiona moja inapita na taa yake ya bluu nashukuru kwamba hakuna aliyeniuliza mimi wanunue gari gani. Dereva wa daladala anayetakiwa kumpelekea tajiri wake hesabu ya siku jioni hana anasa ya kusikiliza difu kwa mapenzi. Akiisikia, anasikia ada ya shule ya mtoto. Kipendacho roho hula nyama mbichi, ni kweli, ila anayeila awe ni mwenye roho hiyo, asiwalishe na abiria. Naamini hapo ndipo mpaka ulipo. Raha ya gari linaloweza kunikatalia ni halali yangu ninapokuwa peke yangu, au na mtu aliyekubali, mchana, bila mgonjwa, bila mtihani wa mtu, bila maiti inayongojwa kuzikwa. Ikishamgusa asiyechagua, haiwi raha tena. Ni dhuluma.

Mambo hayanyooki hata hivyo. Katika nyanda za Wamaasai, huko ambako siku ya mnada watu, mahindi na mbuzi hupanda pamoja, hizi Landrova kuukuu ndizo zilizobeba vijiji kwa miongo. Hakuna aliyezipanda kwa ajili ya ladha. Zilipandwa kwa sababu zilipokufa, zilifufuka palepale. Bodi ni ya alumini, kwa kuwa gari lilipotoka mara ya kwanza mwaka 1948 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kiligawiwa kwa kibali. Alumini haishiki kutu, na vipande vyake vimefungwa kwa bolti, hivyo mlango wa hii unakwenda kwa ile. Fundi mwenye spana, nyundo na waya anaweza kuikunjua chini ya mgunga na kuikunja tena kabla jua halijazama. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa hiyo kuna kuaminika kwa gari lisiloharibika, na kuna kuaminika kwa gari linalotengenezeka pale lilipoharibikia, na mtu wa Longido aliye mbali na mashine ya kupimia anaweza kuwa sahihi kabisa kulichagua la pili. Mstari wa kukusanya wa Solihull uliokuwa ukitoa Landrova za nasaba hii ulifungwa Januari 2016. Oktoba 2024 mamia yake yalikusanyika Arusha, foleni ya mabati yaliyokwanguka na kupakwa rangi upya, na ukitazama uliona kwamba mengi kati ya yale hayakuwa ya wakusanyaji wa vitu vya kale. Yalikuwa kazini hadi siku iliyotangulia.

Mpwa wangu ni muuguzi. Anaingia zamu za usiku, na nyumba yake iko mbali na hospitali. Alipotaka kununua gari alinipigia, akaniambia, "Mjomba, nichague lipi?" Nilimwambia bila kusita achukue Toyota ndogo, ile ambayo kila fundi wa mtaa anaijua na spea zake zinauzwa hadi kwenye maduka ya pembeni. Sikumtajia Landrova wala sikumwambia habari za mikaratusi. Anayesubiriwa wodini hapaswi kubaki barabarani kwa sababu ya mapenzi ya mjomba wake. Alilinunua, nalo limekuwa likimpeleka na kumrudisha kama alivyotarajia.

Kisha, Jumapili ambayo hakuwa na zamu, akaondoka Dar es Salaam na kwenda hadi Bagamoyo. Hakuwa na mtu wa kumwona huko. Aliniambia alitaka tu kwenda, na kwamba baada ya kuliacha jiji alizima redio. Wiki iliyofuata akanipigia tena. "Shikamoo mjomba. Kuna kitu kinagonga mbele nikikata kona." Nilimwuliza kona ya kulia au ya kushoto, nikidhani itabidi akajaribu ndipo anijibu. Akajibu papo hapo kwamba ni akikata kulia tu, polepole, na kwamba alishusha kioo akapita karibu na ukuta wa hospitali ili sauti imrudie, akawa na hakika kuwa inatoka gurudumu la kushoto.